Tulivyompeleka Yorani Houston Kujibu Swali

Tangu nirudi kutoka Houston sijala chakula kwa amani. Nikiweka tonge mdomoni, mtu ananiuliza, "Dorika, ilikuwaje?" Kila mmoja amesikia kipande chake. Huyu kasikia tulilala njiani, yule kasikia Nyambura aligombana na polisi, na kule kwenye kwaya inasemekana Mzungu alipiga magoti mbele ya watu wote. Hakuna aliyelala njiani. Polisi hakuwepo. Na huyo Mzungu, Yorani, hawezi kupiga magoti hata akitaka, kwa sababu ya mguu wake. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, msome, halafu mniache nile.

Kwa wale wasionijua vizuri: mimi ni mtu wa Bunia, mashariki ya Kongo. Sasa naishi Garland na ninafanya kazi ya kutunza wazee. Nilipokuwa msichana aliyetoka tu shuleni, vita ilikuwa imeuvunja mji wetu. Nchi kadhaa za Ulaya zikaunganisha askari wao, zikaja kuulinda mji kwa miezi michache mpaka walinda amani wengine wafike. Nilijua Kifaransa na Kiingereza kidogo, wakaniajiri niwe mkalimani pale uwanja wa ndege. Soko likafunguliwa tena. Mama yangu akarudi kuuza mihogo. Nyumbani tukaanza kulala tumevua viatu, na aliyepita kwenye vita anajua hiyo maana yake nini. Ndiyo maana miaka yote hii mtu akiwasema vibaya wale askari, mimi huwa wa kwanza kuwatetea.

Yorani alikuwa mmoja wao, Mswidi. Jina lake linaandikwa kwa G, na o yake ina nukta mbili juu, lakini yeye hulitamka Yoran, nasi tukalimalizia kwa i. Baada ya miaka zaidi ya ishirini alikuja Texas kumtembelea binti yake anayefanya kazi ofisini huko Plano, akateleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mguu. Muuguzi aliyemhudumia alikuwa rafiki yangu Nyambura, Mkenya wa Arlington. Alipougusa ule mguu, mzee akapiga kelele: "Pole pole, Mama! Mikono juu!" Hicho ndicho Kiswahili alichobaki nacho. Nyambura alicheka hadi akaketi. Akamuuliza amekitoa wapi, akasema Bunia. Nyambura akamwambia ana rafiki wa Bunia, na mzee mwenyewe akaomba anitafute.

Wakati huohuo ndugu zetu wa Ituri, mkoa wa Bunia, walioko Houston walikuwa wanaandaa siku yao ya kukumbuka nyumbani. Mwenyekiti wao, Kaka Matiyasi, aliposikia habari za Yorani akasema nimlete. Kisha akanipigia tena, sauti imeshuka.

"Dada Dorika, Mama Alfonsina naye atakuja. Anasema iko na swali moja kwa uyo muzungu."

Mama Alfonsina ninamjua. Kaka yake Fostini aliuawa katika kijiji nje kidogo ya Bunia, miezi ileile ambayo askari wa Ulaya walikuwa mjini. Nilijua swali lenyewe kabla halijaulizwa.

Garland hadi Plano

Nyambura alisema atanipitia asubuhi mapema. Mapema ya Nyambura mnaijua. Alifika akinywa chai ndani ya gari, amejifunga kilemba cha safari, na kwenye kiti cha nyuma ameweka mito, blanketi, chapati na chupa mbili za chai, kama vile tunakwenda kujifungua.

Plano tulimkuta Yorani amesimama kando ya barabara, mbele ya nyumba ya binti yake, fimbo mkono mmoja na mkoba wa mgongoni umefungwa kamba kila upande. Binti yake, Karin, alikuwa mlangoni ameshika kiuno.

"Amesimama hapo tangu jua halijatoka," akatuambia. "Nimemwambia aingie. Anasema msafara ukifika lazima umkute tayari."

Nyambura akaona haya kidogo. "Mzee, samahani. Kulikuwa na jam."

"Hapakuwa na jam," nikasema kwa Kiswahili.

"Wewe nyamaza. Jam ilikuwa kwangu jikoni."

Yorani akanitazama. Mara ya mwisho kuonana tulikuwa wembamba wote wawili. Akaniita kwa jina walilonipa kule uwanjani, Dori, akanishika mikono yote miwili. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Bado unabishana na Wafaransa?" Nikamwambia siku hizi nabishana na wazee wa Garland ambao hawataki kumeza dawa. Akasema hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Kupita Dallas mpaka Corsicana

Dallas ilitukamata. Magari yalisimama mbele yetu, nyuma yetu na juu yetu kwenye madaraja. Nyambura akaanza kugawa chapati. Yorani naye akatoa kwenye mkoba wake mrija mdogo wa bati, kama wa dawa ya meno.

"Hiyo ni ya mguu?" akauliza Nyambura. "Nipe nikupake, mguu wako umevimba tena."

Kabla mzee hajajibu, Nyambura alikuwa ameshaunyakua, amejigeuza nyuma kwa sababu magari yalikuwa yamesimama, akamminyia dawa kwenye kifundo. Ilikuwa ya rangi ya waridi. Harufu ya samaki ikajaa gari zima.

"Ni ya kupaka mkate," akasema Yorani kwa upole. "Ni mayai ya samaki."

Tulicheka mpaka gari la nyuma likatupigia honi. Mguu tuliufuta kwa kanga yangu. Mpaka leo kanga ile nimeifua mara nyingi na paka wa jirani bado wanaifuata.

Tulipotoka kwenye msongamano Nyambura akataka kujua. Wakenya wana maswali. "Sasa hebu niambie, mzee. Hao askari wa Ulaya, mlikuwa jeshi moja ama majeshi mengi?"

"Kwenye karatasi, jeshi moja," akasema Yorani. "Wafaransa walikuwa wengi zaidi, ndio walioongoza. Sisi Waswidi tulikuwa wachache. Wengine walileta ndege. Wengine walileta madaktari. Kuna waliosema tutaendesha magari lakini hatutapigana. Amri zilikuwa kwa Kifaransa, maelezo kwa Kiingereza, na sisi tulilalamika kwa Kiswidi. Na kila jambo kubwa ilibidi mawaziri wa nchi nyingi wakubaliane kwanza huko Ulaya."

Nyambura akafikiri. "Hiyo ni harambee."

"Ni nini hiyo?"

"Kwetu mkiwa na jambo, kila mtu analeta alicho nacho. Huyu viti, huyu sufuria, huyu mchele. Inaweza kuwa sherehe kubwa sana. Lakini kuna siku unakuta watu wameleta sufuria nane na hakuna hata mmoja aliyeleta kuni."

Yorani akapiga goti la mguu wake mzima kwa furaha. Akataka neno hilo alisikie tena. "Harambee," akarudia. "Sufuria nane! Lazima niwaambie."

Ndipo akatueleza kwamba akirudi kwao amealikwa kuzungumza na maofisa vijana wa nchi mbalimbali za Ulaya wanaofundishwa kufanya kazi pamoja. Siku hizi huko Ulaya habari ya kuunganisha nguvu za ulinzi imepamba moto, na wanatafutwa watu wazima waliowahi kuifanya kazi hiyo. "Wanataka niwaambie tulijifunza nini," akasema. "Nimeandika kurasa nyingi kuhusu redio ambazo hazikusikilizana. Halafu nikaona sijawahi kumuuliza hata mtu mmoja wa Bunia."

Nilitazama nje. Nilipaswa kumwambia kuhusu Mama Alfonsina pale pale. Sikumwambia. Gari lilikuwa na kicheko kizuri na sikutaka kukizima.

Kusini ya Fairfield, kando ya barabara

Tairi lilipasuka tukiwa tumepita Fairfield. Nyambura alilishika gari vizuri, akalitoa mpaka kwenye nyasi, akashuka na kulitazama tairi kama mgonjwa ambaye amekataa ushauri.

Jeki ilikuwepo lakini mpini wake haukuwepo. Joto la Texas mnalijua. Lami ilikuwa inanuka. Tukasimama pale, wanawake wawili wa Kiafrika na Mzungu mwenye fimbo anayenuka samaki, mpaka gari la kubeba mizigo likasimama mbele yetu. Akashuka mzee mmoja mwenye kofia pana, nyuma ya gari lake kuna makreti ya mapichi, yale matunda yenye manyoya laini. Alikuwa anaitwa Roy. Hakusema mengi. Akaleta jeki yake.

Sasa ndipo kazi ilipoharibika. Roy alitaka jeki iwekwe huku. Yorani akasema hapana, chasisi ni dhaifu hapo, iwekwe kule. Nyambura akasema gari ni lake na fundi wa Arlington alimwonyesha mahali pa tatu. Mimi nilikuwa natafsiri, maana Kiingereza cha Roy Yorani hakukielewa, na cha Yorani Roy alikichukulia kuwa lugha nyingine. Wakati wote huo jeki ilikuwa chini kwenye nyasi na hakuna aliyeigusa.

"Nani mkubwa hapa?" hatimaye Roy akauliza.

Yorani akaanza kucheka. Alicheka hadi akajishikilia kwenye mlango wa gari. "Dori," akasema, "mwambie ndivyo ilivyokuwa kule Bunia. Hivi hivi kabisa."

Roy aliposikia habari yote akasema Uswidi anaijua, chokoleti yao ni nzuri sana. Yorani akaona asimrekebishe, ingawa chokoleti ile ni ya nchi nyingine. Akamwachia Roy ukubwa wa msafara, na tairi dogo la akiba likafungwa upesi. Tuliondoka na mfuko wa mapichi mapajani mwangu.

Kwa tairi lile dogo hatukuweza kukimbia. Tulijikokota mpaka mji uliofuata, tukapata fundi wa matairi, mtu wa El Salvador, ambaye msaidizi wake alikuwa amekwenda na ufunguo wa stoo. Tukangoja. Akatupa viti vya plastiki kivulini na mahindi yaliyopakwa pilipili na ndimu. Nyambura alikula mawili, akaniambia, "Hawa watu ni wa kwetu, walipotea tu."

Fundi akataka kujua tunakwenda wapi kwa safari ya ajabu hivi. Nilipomweleza, akaacha kufuta mikono.

"Na kwetu walikuja," akasema. "Vita ilipokwisha. Kulikuwa na wageni wa nchi nyingi, na Wahispania pia. Nilikuwa kijana."

"Walisaidia?" akauliza Yorani haraka, kama mtu aliyengoja nafasi.

Fundi akafikiri bila kuharakishwa. "Walisaidia. Walipotea njia kila siku, tulichoka kuwaelekeza. Lakini walipokuwepo, wenye bunduki walikuwa na aibu." Akaendelea kufuta mikono. "Wasipokuwepo, aibu nayo haikuwepo."

Simu yangu ikalia, ni Kaka Matiyasi. "Muko wapi? Bamama bamesha kupika!" Nikamwambia tuko njiani. Hilo lilikuwa kweli, hata kama tulikuwa tumekaa.

Huntsville

Ukishapita Huntsville kidogo kuna sanamu nyeupe ya mtu, ndefu kuliko miti, imesimama kando ya barabara kuu na fimbo mkononi. Yorani alipoiona akaomba tusimame, anyooshe mguu. Nyambura akaenda kununua mikate ya huku Texas ya mviringo iliyofichwa soseji ndani, ambayo yeye huiita mandazi yenye siri. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi chini ya ile sanamu.

Nikaona sasa basi. Houston ilikuwa karibu.

"Kuna mama atakuuliza swali," nikamwambia. "Anaitwa Alfonsina. Kaka yake alikuwa anaishi kijiji cha ng'ambo ya kizuizi chenu cha barabarani, upande wa kaskazini. Alikufa mlipokuwa mjini."

Aliiweka fimbo yake magotini. "Kizuizi cha kaskazini nililinda mimi," akasema. "Kwa wiki kadhaa."

Sikulijua hilo. Mimi nilikuwa uwanja wa ndege. Vizuizini nilisikia tu majina yake. Kweli nilitamani Nyambura ageuze gari.

"Tunaweza kusema mguu umezidi," nikamwambia. "Hakuna atakayekulaumu. Nitakwenda peke yangu."

"Dori, nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko unavyodhani. Hakuna mtu wa Ulaya anayeniuliza. Wao huniuliza kuhusu redio." Akainuka kwa shida. "Ila naomba kitu kimoja. Usinisaidie. Atakachosema yeye, nipe kama kilivyo. Nitakachosema mimi, mpe kama kilivyo."

Nyambura akarudi na mfuko. Akatutazama nyuso. "Kumetokea nini? Nani amekufa?"

"Panda gari," nikamwambia. "Nitakueleza."

Houston, ukumbini

Tuliingia Houston jioni jua bado lipo, tumechelewa vibaya sana, na hakuna aliyekasirika kwa sababu na wao walikuwa wamechelewa. Ukumbi ni wa kanisa, upande wa kusini magharibi, katikati ya duka la vitenge na duka la vipuri. Watoto walikuwa wanakimbizana kwa Kiingereza kati ya viti. Akina mama walikuwa wamepanga meza: bugali, sombe ya majani ya mihogo, wali, maharage, ndizi, na sinia kubwa la makayabu, wale samaki wa chumvi.

Kaka Matiyasi alitupokea kwa shangwe, akamtangaza mgeni kwa jina la Baba Yohana, na jina hilo likakaa. Pasta akaomba. Mnamjua pasta anayeombea kila mkoa. Kisha tukala.

Yorani alichukua kipande cha makayabu, akatafuna, akaacha kutafuna. "Huyu ni chewa aliyetiwa chumvi," akasema. "Anatoka kaskazini kwetu! Kwa majirani zangu, Wanorwei!"

Nikatafsiri. Kelele zikalipuka. Mzee mmoja akasimama kabisa. "Makayabu ni ya Kongo! Babu yangu alikula makayabu!" Yorani akaapa kwamba samaki huyo hajawahi kuogelea katika mto wa Kongo hata siku moja. Ukumbi mzima ukagawanyika, wengine wakimwomba aombe radhi kwa niaba ya Ulaya, wengine wakimtaka aeleze basi kwa nini kwao hawajui kumpika. Aliomba nyongeza mara mbili, na hilo likamaliza ubishi.

Baada ya chakula akapewa kipaza sauti. Aliongea kwa Kiingereza kifupi kifupi, mimi nikafuata. Alisema walikuja kwa haraka, bila kutujua. Alisimulia harambee ya sufuria nane, watu wakacheka, Wakongo hata wale wasiojua neno lenyewe. Alisema anakwenda kuzungumza na maofisa vijana, na kwamba amekuja kuuliza awaambie nini.

Watu wakafunguka. Mmoja akasema, waambie wajifunze salamu kabla ya "mikono juu". Mwingine akasema wasilete chakula chao chote kwenye ndege wakati mama zetu wana mihogo sokoni. Mzee wa makayabu akasema wakipita kwa magari makubwa wapunguze mwendo, mbuzi wake mmoja aligongwa na hakulipwa. Na wengine walishukuru tu. Mwanaume mmoja wa makamo alisema alizaliwa upya katika miezi ile, maana alianza kwenda shule tena. Nilitafsiri yote nikiwa na moyo mwepesi, nikaanza kudhani labda siku itapita hivyo.

Ndipo Mama Alfonsina akasimama.

Ni mwanamke mfupi, anafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma wakati wote. Kaka Matiyasi akamwambia anaweza kuuliza kwa Kiingereza, mgeni atamwelewa moja kwa moja.

"Kingereza yangu ni ya kiwanda," akasema. "Hii si maneno ya kiwanda. Nitauliza na Kiswahili."

Watoto nao wakaacha kukimbizana.

"Ndugu yangu Fostini alikuya kwenu kwa kizuizi. Aliwaambia: kijiji yetu ni pale, mukitazama munaona mabati. Kujeni mpaka pale tu. Mukamurudisha. Kisha siku ile tuliona moshi. Miye nilikuwa mujini, niliona. Nauliza: na nyinyi muliona, ama hamukuona?"

Kaka Matiyasi akainama sikioni pangu. "Dada, lainisha kidogo. Ni mugeni."

Njia ya kulainisha nilikuwa nayo tayari kichwani. Mkalimani daima anayo. Ningeweza kusema, mama anauliza kama mlikuwa na habari za vijijini. Nikamtazama Yorani, nikampa maneno ya Mama Alfonsina kama yalivyotoka, mabati yake, moshi wake na lile "ama hamukuona" la mwisho.

Akaiweka fimbo yake kando.

"Tuliona," akasema.

Nikatafsiri: "Tuliona."

"Agizo letu lilikuwa la mji. Nchi zetu zilikubaliana juu ya mji, juu ya zaidi ya hapo hazikukubaliana. Niliona mabati. Niliona moshi. Tuliomba ruhusa kwenda. Tukaambiwa hapana. Nilikuwa askari, nikatii. Watu wengi walikuja pale kizuizini na siwezi kukwambia kwamba namkumbuka kaka yako. Nikisema namkumbuka, nitakuwa nakudanganya. Lakini moshi naukumbuka."

Nilimaliza kutafsiri. Mama Alfonsina hakuketi.

"Miaka yote banasema kwamba hamukujua," akasema. "Banasema pole, mama, bale hawakujua. Nami nilijua munajua. Nilikuwa naona niko mwehu." Akavuta pumzi. "Na watoto yangu walikuwa mujini, karibu na uwanja ya ndege. Wakalala. Miezi ile yote wakalala vizuri. Nayo ni kweli. Yote mbili ni kweli. Uwaambie bale bana-officier yote mbili. Usiwaambie moja."

Nikamfikishia. Yorani akasema, "Ndiyo, Mama," kwa Kiswahili. Nami, mtetezi wa askari kwa miaka yote, nilisimama katikati yao nikigundua kwamba nilikuwa nimesimulia nusu yangu tu, ile ya kulala vizuri. Sikuwa nimeulizwa nusu ya pili.

Hapakuwa na kupiga magoti. Mama Alfonsina aliketi, akamwambia jirani yake ampitishie maji. Kaka Matiyasi, ambaye hajui kukaa katika kimya, akaita wimbo. Na bahati nzuri Nyambura akaanza kucheza, vibaya kama kawaida yake, na akina mama wakamwonea huruma wakaingia kumfundisha.

Kurudi

Tulilala kwa Kaka Matiyasi, na Jumapili baada ya ibada tukapakia. Nilikuwa nafunga mlango nilipomwona Mama Alfonsina anakuja na begi na ndoo ya sombe.

"Dada yangu Sifa anaishi Garland," akasema. "Muko na nafasi?"

Nafasi ilikuwepo ukiondoa mito. Nyambura akaiondoa. Mama Alfonsina akatazama viti, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya Yorani. Mimi nikakaa mbele, nimejigeuza tayari kutafsiri.

Hawakunihitaji kwa muda mrefu. Tulipotoka mjini Mama Alfonsina akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kiwanda kama ana watoto. Yorani akajibu kwa Kiingereza chake cha baridi. Kulikuwa na makosa pande zote mbili na kila mmoja alimsubiri mwenziwe. Akamwonyesha picha za wajukuu. Mama Alfonsina akamwonyesha za kwake. Wakafika kwenye Fostini. Nilisikia Mama Alfonsina akitafuta neno la Kiingereza la mtu anayecheka kila wakati. Nikafungua mdomo, Nyambura akanigusa mkono, nikafunga. Mama Alfonsina akaacha kutafuta neno, akamwonyesha tu namna Fostini alivyocheka, kichwa nyuma, mkono kifuani. Yorani akatazama kwa makini kama mtu anayejifunza njia.

Nikapitiwa na usingizi. Sikuwa nimewahi kulala garini watu wawili wakizungumza Kiingereza cha namna mbili nyuma yangu.

Niliamka tuko Garland, mbele ya nyumba ya Mama Sifa. Alikuwa ametoka kibarazani na mwiko mkononi. Akamkumbatia dada yake, akatusalimia mimi na Nyambura tunaofahamiana, kisha akamwona Yorani anajikokota kutoka kwenye gari, anasimama kando ya njia kwa adabu, hajui kama amekaribishwa.

"Na uyu ni nani?" akauliza.

Niliona Mama Alfonsina anafikiri. Kulikuwa na majibu mengi, na mengine yangekuwa ya haki kabisa.

"Uyu tulikuwaka naye Bunia," akasema.

Mama Sifa akatutazama wote mmoja mmoja, amekasirika kweli. "Sasa mbona munamusimamisha inje?"